Chembe Mbichi

Baada ya chakula cha mchana, feni kubwa ikizimwa, karakana yetu hunyamaza na unga mweupe huanza kuonekana. Jua hupenya kwenye matundu ya mabati, na kila mwali unaoingia unakuwa umejaa chembe zinazopanda na kushuka bila haraka, kama hazijaamua zitue wapi. Mimi hukaa kwenye kreti, barakoa usoni, hijabu imeshakuwa na weupe mabegani, nikizitazama hadi kichwa kinakuwa chepesi. Nimezitazama hivyo kwa miaka na bado sijazichoka.

Karakana iko ng'ambo ya Jogoo Road ukitokea Mbotela, katikati ya maghala. Kazi yetu ni kuvisha chuma ngozi ya kauri. Watu hutuletea shafti za pampu zilizolika na bushi zake, zile pete za chuma ambamo shafti huzunguka, nasi tunazipulizia unga wa alumina ulioyeyuka, jamaa wa ule udongo wa vikombe na vigae, hadi chuma kivae koti gumu. Kifaa cha kupulizia tunakiita bunduki. Ndani yake gesi ya agoni, iliyochanganywa na hidrojeni kidogo, hupitishwa kwenye umeme mkali hadi inageuka moto wa zambarau ambao huwezi kuutazama bila kioo cheusi. Unga hurushwa ndani ya moto huo kutoka ubavuni, kwa kijibomba chembamba. Unayeyuka ukiwa njiani, unagonga chuma, unalala bapa na kuganda. Yote hayo yanaisha kabla hujapepesa jicho.

Hapo njiani, kati ya bunduki na chuma, ndipo mawazo yangu yamekaa kwa miaka mingi. Ukiongeza umeme, moto unakuwa mkali zaidi. Ukiongeza agoni kupita kiasi, moto unakuwa na mbio, na chembe inapita upesi mno. Inafika ikiwa imepata joto la ngozi tu, moyo wake bado ni jiwe. Ukisukuma unga kwa nguvu nyingi, unatoboa moto na kutokea upande wa pili. Ukiusukuma kwa unyonge, unateleza pembeni bila kuingia. Hata umbali wa kushika bunduki una neno lake, maana ukisimama mbali chembe iliyokwisha kuyeyuka huanza kuganda kabla ya kufika, na ukisogea karibu mno koti linapasuka kwa joto. Nilipoelezwa haya mara ya kwanza nilihisi kama naelezwa habari za watu ninaowajua. Sijui kwa nini, ila nilihisi hivyo, na usiku ule nililala nikiziota.

Aliyenieleza alikuwa fundi wetu mkuu, mzee wa Mbotela aliyekuja Nairobi akiwa kijana kutoka magharibi na akafanya kazi katika karakana za reli mpaka akastaafu. Mimi nilikuwa binti wa Eastleigh, nimezaliwa nyuma ya duka la vitambaa, na nyumbani kila mtu alikuwa ameshaniwekea nafasi yangu nyuma ya kaunta. Nilipoingia pale na cheti changu cha chuo cha ufundi, wanaume walinitazama kama mteja aliyekosea mlango. Yeye alinipa chekecheo.

"Chekecha hiyo unga, binti," akasema. "Ikikataa kupita, usilazimishe. Iko na maji."

Tukaukausha kwenye oveni, nikauchekecha tena, ukapita wenyewe. Hakuniuliza ninatoka wapi wala nitakaa muda gani. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Mipangilio ya mashine hakuwa akiiandika. Kitabu kilichokuja nayo alikidharau. Alisema aliyekiandika alikuwa akiishi chini huko karibu na bahari, kwenye hewa nzito, hajawahi kupumua hewa nyepesi ya Nairobi. Alipanga kwa sikio. Alisimama kwenye meza yenye koki na mita, mlango wa chumba cha kupulizia ukiwa wazi kidogo, akavua kifuniko cha sikio la kulia, kisha akageuza koki ya agoni polepole huku akisikiliza. Moto ule una kelele ya kupasua, na ndani ya kelele hiyo kuna mluzi mwembamba. Mluzi ukipanda, gesi imezidi. Ukishuka ukakaa mahali fulani, yeye aliitikia kwa kichwa akaacha. Mahali hapo sikuwahi kutajiwa kwa namba. Nilipasikia tu siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja nikagundua kwamba ninapajua.

Baada ya hapo kinafuata kioo. Kwa koleo refu alipitisha kipande cha kioo mbele ya mpulizo, mara moja tu, kikusanye chembe chache. Kioo kinawekwa chini ya hadubini ndogo na mtu mwingine anakisoma, kwa sababu sheria ya karakana, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka, ni kwamba aliyepanga moto hasomi kioo chake. Kioo chako mwenyewe, alikuwa akisema, utakiona kizuri siku zote. Chembe iliyoiva hulala bapa na mviringo, kama chapati. Iliyozidi joto na mbio husambaa na kutoa vidole. Mbichi hubaki kokoto, au hugonga na kuruka na kuacha mkwaruzo tu. Msomaji husema neno moja, "imeiva" au "mbichi," na mpangaji hana ubishi. Ikiwa mbichi, anageuza koki na kupitisha kioo kingine.

Kwa miaka mitano nilikuwa msomaji wake. Nilikuwa na mambo machache ya kujivunia maishani, na hilo lilikuwa la kwanza.

Siku niliyokosea ilikuwa ya Julai, baridi, mawingu yameketi juu ya mabati tangu alfajiri. Niliusikia mluzi kabla hata ya kioo. Ulikuwa juu sana, ukinisumbua nyuma ya meno ijapokuwa nilikuwa nimeziba masikio. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, sikio lake wazi, akitabasamu vile alivyotabasamu kila mara alipopata alichokuwa akitafuta. Akaitikia kwa kichwa. Akapitisha kioo. Nikakiweka chini ya hadubini nikaona kokoto tupu.

Wiki ile ile, mwenye karakana, mama mhandisi anayeishi Donholm ambaye sote tunamwita madam, alikuwa amesema mbele yetu kwamba mtu asiyesikia vizuri hatakubaliwa kuingia chumbani na bunduki. Kengele ya gesi ikilia, alisema, ni masikio yako yatakayokutoa. Hakumtaja mtu. Mzee alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, na alizifunga kwa muda mrefu kuliko viatu viwili vinavyohitaji.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Imeiva, mzee."

Akageuka kuvaa helmeti na glavu. Alipokuwa amenipa mgongo nikanyoosha mkono, nikapunguza agoni kidogo, na kidogo tena, mpaka mluzi ukashuka ukakaa pale ninapopajua. Akaingia, akapuliza, na koti likatoka laini. Chuma kilipopoa alipitisha kidole juu yake, polepole, kutoka mwisho hadi mwisho.

"Umeona?" akasema. "Masikio inazeeka. Mkono haisahau."

Nilifurahi. Sitajifanya kwamba niliona aibu siku hiyo, kwa sababu sikuona. Nilitembea kwa miguu hadi Eastleigh jioni ile, nikapita katikati ya mikokoteni na marobota ya vitambaa kama mtu aliyebeba kitu kizuri ndani ya koti. Nyumbani mama aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia nimechoka tu.

Tuliendelea hivyo miezi saba. Yeye anapanga, mimi nasema imeiva, anageuka, mimi ninageuza koki. Tulikuwa kama watu wawili waliobeba meza moja na mmoja wao hajui. Kadiri miezi ilivyopita alikuwa akipandisha gesi zaidi, akiufuata mluzi ambao masikio yake hayakuweza tena kuufikia, nami nikawa na safari ndefu zaidi ya kuurudisha. Mchana, unga ukielea kwenye mwanga, alinisimulia habari za mabehewa na mabwana wa reli waliokuwa wakali kwa filimbi, na mimi nilimsikiliza nusu tu. Nusu nyingine nilikuwa naota. Niliota kwamba moto ule ni wangu, kwamba chembe zote zinazolala bapa zinalala kwa ajili ya vidole vyangu. Nilikuwa na kiburi kingi, na kilikuwa kitamu kwa sababu hakikuwa na shahidi.

Kisha dada yangu akaolewa. Nilichukua siku nne. Nyumba ilijaa shangazi na udi na vicheko, nikapakwa hina hadi viwiko, na sitasema uongo, sikuikumbuka koki hata mara moja.

Siku ya pili ya harusi ililetwa bushi ya haraka, ya pampu ya kisima kinachohudumia maghorofa fulani kule Donholm, jirani na kwake madam. Mzee akapanga moto wake. Kioo kilisomwa na jamaa wa mashine ya kukereza, fundi mzuri wa chuma ambaye hakuwahi kufundishwa kioo. Aliangalia mara moja. "Iko fiti, mzee," akasema, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kunisikia nikijibu.

Niliporudi, ile bushi ilikuwa juu ya meza ya madam. Koti lilikuwa limebanduka vipande vipande, na pale liliposhikilia bado, ukilikwaruza kwa ukucha lilitoa vumbi. Pampu ilikuwa imekwama. Watu wa maghorofa yale walikuwa siku ya tatu bila maji, na kila asubuhi madam alipita katikati ya mitungi yao iliyopangwa kando ya njia.

"Uliweka aje, mzee?" akauliza.

"Vile naweka siku zote, madam."

Ilikuwa kweli kabisa. Madam aliniangalia mimi, msomaji wa vioo, kama anayetaka niongeze neno. Nikaangalia hina yangu.

Siku mbili mzee aliifungua bunduki. Alipiga magoti juu ya gunia, vipande vimepangwa mbele yake kwenye kitambaa safi, akapima mdomo wa shaba, akapuliza kijibomba cha unga kwa pumzi yake mwenyewe, akichungulia upande wa pili. Hakuona ugonjwa wowote. Akalaumu unga, tukaukausha upya. Akalaumu umeme. Jioni ya pili nilimkuta amekaa na ule mdomo wa shaba kiganjani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejishuku. Hapo moyo wangu ulivunjika. Nikisema, angetolewa chumbani siku hiyo hiyo. Nisiposema, siku nyingine nitakuwa mgonjwa au safarini, na atatolewa kama mharibifu wa kazi, bila kujua hata siku moja ni nini kilichoharibika.

Kesho yake tulikuwa na bushi mpya ya kupuliza, badala ya ile. Akavua kifuniko cha sikio, akageuza koki, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Akapitisha kioo. Nilikitazama muda mrefu. Kokoto, na mikwaruzo, na kokoto.

"Unaona nini?"

"Mbichi," nikasema.

Alikuwa ameshageuka kuchukua helmeti. Kwa miezi saba jibu lilikuwa moja tu, na alikuwa ameacha kulingoja.

Nikabonyeza kitufe chekundu. Moto ukafa, na feni kubwa ikakatika pamoja nao. Mzee akageuka, helmeti mkononi, akaniangalia kama nimevunja kikombe.

"Nini?"

"Mbichi, mzee. Imekuwa mbichi tangu Julai. Mimi ndiye nimekuwa nikigeuza koki ukivaa helmeti."

"Unasema nini?"

Ikabidi nirudie. Nikajaza kifua, nikapiga kelele, na feni ikachagua wakati huo huo kumaliza kuzunguka, kwa hiyo kila neno nililolificha lilisambaa chini ya mabati mpaka mlangoni. Jamaa wa kukereza akazima mashine yake. Madam akatoka ofisini akasimama hapo hapo, mkono kwenye kitasa.

Mzee akakaa kwenye kreti. 

"Kila jioni," akasema mwishowe, "nimekuwa nikiambia mama watoto masikio imeenda, lakini mkono ingali iko." Akaitazama mikono yake, kisha akaitazama yangu, iliyokuwa bado na hina. "Kumbe hata mkono ilikuwa yako."

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kreti na kuondoka. Madam hakumzuia wala hakunigombeza. Alisema tu bushi ile inangojewa na watu. Nikaivisha koti mimi mwenyewe, na jamaa wa kukereza akasoma kioo nikiwa nimesimama kando yake, nikimwonyesha chapati na kokoto hadi akaona. Ilikuwa kazi nzuri, na sikupata raha yoyote ndani yake.

Mzee hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Jumapili nilinunua maziwa na sukari na mkate, nikaenda Mbotela. Mkewe alinipokea mlangoni, mama mpole mwenye sauti iliyokuwa imezoea kupanda juu ya uziwi wa mumewe. "Mgeni wako amekuja," akamwambia kwa nguvu, na majirani watatu wakajua pia.

Alikuwa ameketi nje, kwenye kiti cha plastiki, daftari la mjukuu likiwa magotini. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba msamaha njia nzima, lakini hakunipa nafasi.

"Ile siku ya kwanza," akasema, "ulipunguza agoni ngapi?"

Nikamwambia. Hakusikia. Nikamwambia kwa kelele, akaandika. Akauliza Agosti. Akauliza msimu wa mvua, wakati unga unavuta maji. Chai ikaja, tukanywa, na mimi nikaendelea kupiga kelele za namba pale uani, mita ya agoni imesoma ngapi, umeme ampea ngapi, kioo kilionekana vipi kabla sijagusa. Nilishangaa kwamba nakumbuka vyote. Wanawake waliokuwa wakianua nguo lazima walidhani tunagombana. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya nyumba, na kwa kitambo nilijisahau, nikawa na furaha, kama kwamba tumerudi siku za chekecheo na ninafundishwa tena.

Kisha akafunga daftari.

"Ungesema mbichi siku ya kwanza," akasema, "ningegeuza kidogo. Ungesema mbichi tena, ningegeuza tena. Mpaka useme imeiva. Ningejua sasa masikio yangu inadanganya kiasi gani, na ningetoa hiyo kiasi kila asubuhi, vile mtu anatoa dakika kwa saa inayokimbia. Ningeambia madam mwenyewe. Nikikatazwa bunduki, ningebaki kwa koki." Hakuwa na hasira. Alikuwa akinifundisha, kwa ile sauti yake ya mchana, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia. "Kioo iko hapo kwa sababu ya mtu kama mimi. Nilikuwa nakuuliza kila siku, binti. Mbona hukusema?"

Nikasema ilikuwa heshima.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaniinamia. "Ilikuwa nini?"

Sikulirudia neno hilo.